Shangazi Hataki Kukaa Mbele ya Taa

6 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, viatu umevua, na hakuna mwanafunzi wa uuguzi anayekuita. Mimi mzima, nala vizuri, nalala vizuri. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, kwa hiyo sipati taabu ya kuchagua mandhari. Msalimie baba. Mwambie jino lile akaling'oe, asingoje litoke kwa hiari yake.

Ulisema nisikueleze mambo marefu kwenye simu, maana kwenye simu mimi na wewe tunaulizana hali mpaka salio linakwisha. Basi naandika. Nimepokelewa kwenye studio ya picha. Mwenyewe ni mama mmoja mfupi, anavaa kandambili kazini na hapandishi sauti kamwe, na wafanyakazi wote humwita Kamanda. Alitazama picha zangu za harusi na mahafali akasema nina jicho. Nikavimba kichwa papo hapo. Halafu akauliza kama nimewahi kupiga picha za watu ndani, kwa taa. Nikasema sana tu.

Shangazi, unanijua. Miaka yote hii taa yangu ni jua, na jua halina swichi.

Siku ya kwanza nikapewa mteja, bwana mmoja wa bima aliyetaka picha ya kadi zake za kazi. Nikamkalisha, nikachungulia kwenye kamera, nikaona uso wake una giza upande. Nikamwambia kwa sauti ya kitaalamu kabisa, "Tusubiri kidogo wingu lipite." Chumba kile hakina hata tundu la ufunguo linaloingiza mwanga. Yule bwana akatazama dari. Mimi nami nikatazama dari. Kamanda alikuwa mlangoni na kikombe chake cha chai, akanywa funda moja, akarudi alikotoka.

Nimepewa mpaka mwisho wa mwaka. Nikiziweza taa, nitakuwa na wateja wangu mwenyewe. Nikishindwa, nafungasha virago. Tafadhali usimwambie baba habari ya wingu.

Mpwa wako, mtabiri wa hali ya hewa.


27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nilisoma barua yako nikacheka mpaka muuguzi wa zamu akachungulia kujua kama nina mgonjwa ofisini. Huku wote wazima. Binti yangu ana mimba changa, na sasa anajua habari za mimba kuliko mimi niliyezalisha nusu ya mtaa. Baba yako amegoma kwenda kung'oa jino, anatafuna upande mmoja kama mbuzi. Habari ya wingu nilimwambia siku ileile, unisamehe. Alicheka akasahau maumivu, kwa hiyo ihesabu kuwa dawa.

Nina jambo. Unaukumbuka ukumbi mrefu wa chuo chetu cha uuguzi, wenye picha za matroni waliopita? Wote wamekunja nyuso kana kwamba walipigwa picha huku wanadungwa sindano. Mwezi wa kumi nastaafu, na msumari wangu umeshapigiliwa. Mkuu wa chuo alitaka kuleta mpiga picha anayemjua yeye. Nikamwambia sina haja, nina wangu. Nimewatangazia wauguzi, nimewatangazia wanafunzi, nimemtangazia hata muuza mboga ambaye hakuuliza.

Uso huu si wa kusimamisha magari barabarani, lakini mimi naupenda, na siku nikiamka vizuri nauambia hivyo kwenye kioo. Nataka uupige wewe niliyekufunga nepi. Kwa hiyo jifunze hizo taa haraka, maana nimeshajigamba na siwezi kurudi nyuma.

Shangazi yako, mteja mgumu.


19 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo tena, na hongera ya msumari. Binti yako nampa pole, si ya mimba, ya kuwa na mama mkunga. Mimi sijambo, ila vidole viwili vimeungua. Taa za studio zina joto na hazina adabu.

Nilipopata barua yako nilipata nguvu, nikaanza kazi kwa bidii, na bidii ndiyo iliyoniponza. Alikuja wakili. Nilimpanga, nikapanga taa mbili, nikasema kimoyomoyo leo ni leo. Kumbe kamera nimeiachia kasi ile ninayotumia juani, na flashi haiwezi kuikimbilia. Picha ikatoka nusu ya chini nyeusi tii. Wakili ana kichwa, hana mwili. Akauliza kulikoni. Nikamwambia ndiyo mtindo wa kisasa. Akaniuliza kama niko tayari kusema hivyo chini ya kiapo.

Baada yake akaja meneja mwenye upara. Mwavuli mweupe tunaotumia kutawanya mwanga ulijionyesha wote kichwani pake, na mbavu zake zote, ungeweza kuzihesabu. Nikapewa likizo ya binadamu. Kamanda alisema maneno hayohayo, "Pumzika binadamu kidogo." Akaenda kwenye jokofu, akaniletea papai bichi, akalichomekea karoti katikati iwe pua. Akaniambia nimpige huyo mpaka aonekane ana mawazo.

Wiki nzima nazunguka papai na taa. Taa ikiwa mbele kabisa, pua inapotea, papai linakuwa papai. Ikiwa chini, linatisha. Nikiipeleka pembeni na kuinyanyua kidogo, kivuli kinaanguka upande wa pili, na ghafla unaona kitu chenye shavu, kitu kilichoamka na shida zake. Nilishangaa sana, shangazi. Nilikuwa nikidhani kazi yangu ni kufukuza kivuli. Kamanda alikuja kutazama, akasema nimeanza kuelewa ila mteja wangu anaiva. Nililila juzi. Pua niliiacha.

Njoo Juni ukipata likizo. Nitakuwa nimehitimu matunda.

Mpwa wako.


14 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Huku mvua zinanyesha, paa la jikoni linavuja palepale, baba yako ameweka sufuria chini na kuita hayo ni matengenezo. Binti yangu hajambo.

Barua ya papai niliwasomea wauguzi wakati wa chai. Sasa wananiuliza kila siku kama nimeiva. Nitakuja mwishoni mwa Juni. Nitavaa sare yangu nyeupe na ule mkanda wenye bizimu, na nitakaa wima, maana sitaki kuonekana kama nimeegeshwa. Sitaki kukunja uso kama wale wenzangu wa ukutani. Nitatabasamu, meno bado ni yangu mwenyewe. Uwe tayari.

Shangazi yako, ambaye hajaiva.


10 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mzima kabisa, na vidole vimepona. Baba nilimpigia, akanieleza habari za jino kwa urefu ambao hata daktari hauhitaji.

Habari njema ni kwamba nimerudishiwa binadamu. Jana nimempiga mwalimu mmoja wa muziki, taa moja kubwa kulia, ubao mweupe kushoto kurudisha mwanga kidogo, na Kamanda aliitazama picha muda mrefu, akanywa chai yake, akasema, "Huyu anapumua." Nilitoka nje kujikaza nisirukeruke mbele za watu. Kisha nilirudi ndani nikasahau kuweka mfuko wa mchanga kwenye mguu wa stendi, taa ikaanguka, ikapasua balbu. Nisingependa ufikiri nimebadilika sana.

Nimemwambia Kamanda unakuja. Kiti nimekichagua. Nijulishe siku.

Mpwa wako.


28 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Unisamehe kuchelewa, kazi ni nyingi. Simu yangu iliingia maji, kwa hiyo usihangaike kupiga. Safari ya mwezi huu imekwama. Nadhani kwa ajili ya ukuta tutumie picha ya zamani, ile niliyopigwa kwenye harusi ya binti yangu. Inatosha. Mtu akishastaafu nani anamtazama.

Fanya kazi yako vizuri.

Shangazi.


9 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika, imenikuta mzima. Ilikuwa fupi sana mpaka nikageuza karatasi kutafuta nyingine nyuma.

Picha ya harusi ya binti yako nilipiga mimi, naikumbuka. Umeshika sahani, umetazama pembeni, na nyuma yako kuna mtu anapenga kamasi. Hiyo ndiyo utaitundika? Matroni wa miaka yote hiyo, na mtu wa kamasi juu?

Kama Juni imeshindikana, njoo Julai, njoo Agosti. Kiti kipo. Nami nimeendelea kidogo kuliko nilivyokuwa. Juzi tu nimepiga familia nzima na hakuna aliyepoteza kiungo.

Mpwa wako.


12 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Nimempigia baba mara kadhaa. Kila nikiuliza habari zako anasema, "Shangazi yako hajambo, ana kazi," halafu anarukia habari za jino, na baba yangu si mtu wa kuchagua jino mbele ya dada yake.

Basi niseme wazi. Nadhani nimejipalia makaa. Nilikuandikia kila kituko changu ili ucheke, wingu, wakili, upara, papai, nawe ukawasomea wenzako, na sasa umefikiri, ni kweli, huyu mtu hawezi. Ukaona haya kurudi kwa mkuu wa chuo kumwambia umebadili mawazo, ndiyo maana unasema picha ya zamani inatosha. Sikulaumu. Mimi nami nisingejipa uso wangu.

Lakini imeniuma, shangazi. Wateja wakinikataa narudi nyumbani nalala. Wewe ukinikataa sijui niende wapi. Nimeambatanisha picha ya mwalimu wa muziki uone kwamba mzaha wote ule ulikuwa mzaha. Ninaweza kidogo.

Kama umempata mpiga picha mwingine, niambie tu.

Mpwa wako.


30 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Picha ya mwalimu nimeiona. Ni nzuri sana, na nimeona haya kwa yale uliyofikiri.

Asubuhi moja mwishoni mwa Mei nilikuwa nasukutua, maji yakanitoka kwenye kona ya mdomo yakaingia shingoni. Nikadhani nimezubaa. Nikainua macho kwenye kioo. Upande wa kushoto wa uso wangu ulikuwa umelala. Jicho halifumbi, nyusi hainyanyuki, mdomo umeshuka. Nilijua ni nini kabla sijafuta maji, maana nimewauguza wengi. Mshipa wa uso umepooza. Si kiharusi, mikono na miguu ni mizima. Daktari anasema wengi hurudi sawasawa na wengine hurudi nusu. Kwa namna nionavyo, mimi nimeandikishwa kwenye nusu.

Chai nanywa kwa mrija, matroni mzima. Jicho natia matone, na nikilala nalibandika plasta. Nikizungumza maneno yananivuja upande, ndiyo maana nilisema simu yangu imeingia maji. Kazini natembea na kitambaa shavuni, na wakiniuliza nasema jino linaniuma. Nimeazima ugonjwa wa baba yako. Yeye nilimwapisha asiseme, na amejitahidi maskini, uongo haujui.

Wodini nilikuwa mtu wa vioo. Aliyeungua, aliyeshonwa, nilikuwa nakaa kitandani kwake, nampa kioo mkononi, namwambia jitazame, huyu ni wewe, anza kumzoea. Nilijiona nina hekima isiyo na mfano. Sasa cha kwangu nimekigeuzia ukutani. Hata sijui ni kwa nini wagonjwa wale hawakunipiga na kioo kichwani.

Kwa hiyo si wewe ninayekukataa. Sitaki kukaa mbele ya taa yoyote, ya kwako wala ya jua. Tumia ile yenye mtu wa kamasi.

Shangazi yako.


6 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pole. Pole sana. Lakini sikiliza, hili ndilo jambo ninaloliweza!

Taa moja tu, kubwa, yenye kitambaa cheupe mbele ili mwanga uwe laini. Naiweka kulia kwako, juu ya usawa wa macho kidogo. Ubao mweupe wa kushoto nauondoa kabisa, mahali pake naweka kitambaa cheusi, nacho kinameza mwanga wote. Unageuza kichwa kidogo tu, hivi, nimekuchorea chini. Upande wa kushoto unazama kwenye kivuli. Shavu, mdomo, jicho, vyote vinakwenda. Kamanda anasema wachoraji wa zamani walikuwa wakipanga nuru hivyo na watu wakawasifu. Hakuna atakayejua.

Nimeshajaribu. Nimenunua papai lingine, nikaliponda upande mmoja, nikaliwekea pua. Shangazi, huwezi kuamini, halionekani kabisa kama limepondwa. Nakutumia picha yake uone.

Sasa huna sababu tena. Njoo.

Mpwa wako, mwenye furaha.


15 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba.

Nilikwambia uso wangu umeanguka, ukanijibu taa iwekwe wapi. Barua yako niliisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipouliza kama inauma. Nilikuta pole mbili na lakini moja. Kisha nikafungua bahasha vizuri, nikatoa papai.

Nilikubeba mgongoni una surua. Nilikupeleka shule umenishika kidole. Na wewe, ulipotaka kunifikiria mimi, ulikwenda sokoni kununua tunda ukalipiga ngumi.

Unasema hakuna atakayejua. Mimi nitajua. Kila nikipita ukumbini nitajua nimefichwa wapi. Miezi hii yote nimejificha mwenyewe kwa kitambaa na kwa jino la watu, na nimechoka, kisha mtoto wangu ananiambia kwa furaha kwamba amepata mahali pengine pa kunificha, pazuri zaidi.

Baba yako ameiona picha ya papai kwa bahati mbaya. Alicheka, halafu akanitazama, akatoka nje. Nilimsikia anapenga kamasi huko.

Sitakuja.

Shangazi.


22 Septemba

Shangazi,

Shikamoo.

Je, inauma? Jicho linakuwasha usiku? Unakula vizuri? Nani anakubandikia ile plasta, au unajibandika mwenyewe bila kutazama kioo?

Nilipoisoma barua yako ya Agosti nilikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na nililia humo mpaka mteja akagonga. Hilo sikukuandikia. Nilikuandikia taa. Sikujua niseme nini, nikakimbilia kitu pekee ninachokijua, nacho nimekijua juzi tu. Mimi ni mjinga, shangazi. Siku hizi najitania sana, lakini hapa sitanii.

Usije. Nimeomba ruhusa. Nakuja mimi nyumbani Jumamosi, na kamera naiacha hapa.

Mwanao.


11 Oktoba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, chumba changu ni kilekile, na ule ukuta wa jirani bado upo. Naamini nawe basi lilikurudisha vizuri. Mwambie baba nimefurahi kuona pengo lake. Amekuwa kijana.

Najua ulikuwepo, lakini nataka kukuandikia nilivyoona mimi, maana ulikuwa upande wa pili wa kamera.

Nilipofika kwako bila kamera nilidhani nimefanya jambo la heshima kubwa. Wewe ukanitazama tangu mlangoni, kitambaa shavuni, ukaniuliza kama nimeibiwa njiani. Tulikaa, tukanywa chai, wewe na mrija wako, mimi nikajifanya sioni mrija. Ukaniambia, "Acha kutazama sukari. Nitazame mimi." Nikakutazama. Nilikuwa naogopa kwamba sitakujua. Ulikuwa wewe, umechoka, na upande mmoja wako umesinzia. Siku mbili zile sikusema neno juu ya picha, na wewe ndiye uliyekunja ile sare nyeupe ukaitia kwenye mkoba wangu bila kuniomba, ukasema tunaondoka pamoja.

Studio Kamanda alituachia. Ulisema nikufiche kama nilivyoandika, kwa hiyo nikakuficha, na hilo lilikuwa neno lako si langu. Taa moja kulia, kitambaa cheusi kushoto. Ulikaa wima na ule mkanda. Kasi ya kamera niliikagua mara tatu, nikimkumbuka wakili. Ile picha ya kwanza ikatoka, nikajua nimeweza. Nusu ya uso imetulia, imejaa miaka, na nusu nyingine giza lililonyamaza. Sitajisifu, Kamanda amenisifu tayari.

Na hapo ndipo nikajisikia bwana mkubwa. Nikarudi kinyumenyume ili nikutazame kwa mbali, kamera mkononi, kama mtu anayejua anachofanya. Kisigino kikapata mguu wa stendi ya pili, ile ambayo hatukuwa tunaitumia, taa yake niliigeuzia ukutani nikasahau kuizima. Mwavuli ukaja. Nikajaribu kuudaka, kichwa changu kikatoboa kitambaa kikatokea upande wa pili, na ile taa ikalala chini, ikakuelekea wewe moja kwa moja kushoto. Nikasimama pale nimevaa mwavuli shingoni.

Ukacheka. Sijasikia kicheko chako tangu Februari, na Februari nilikisoma tu. Ulicheka uso mzima, upande mmoja ukapanda na mwingine ukabaki ulipo, jicho moja limefumba kabisa na lingine linanitazama, mate yamekutoka na hukuyafuta. Sikufikiri lolote. Kidole kilibonyeza chenyewe. Uliposikia mlio wa kamera ukachukua kitambaa. Nikautoa mwavuli shingoni.

Nakutumia zote mbili. Hiyo ya pili hakuna aliyeiona ila Kamanda, aliyeichapisha. Aliniambia maneno mawili tu: kwamba ya kwanza nimeipanga na ya pili nimejaliwa, na kwamba kuanzia Jumatatu nina wateja wangu. Nilitaka kukupigia simu palepale. Nikaogopa kwamba utapokea na nitashindwa kusema.

Mimi, shangazi, nikiulizwa, ya pili ndiyo picha bora niliyowahi kupiga. Lakini ukuta ni wako, uso ni wako. Chagua unayotaka, au usichague yoyote.

Mwanao.


2 Novemba

Mwanangu,

Marahaba, na hongera ya wateja. Watendee wema. Huku tumepata mjukuu, msichana, ana sauti ya kuita zamu nzima. Binti yangu hajambo, na amekiri kwamba hakujua kila kitu. Baba yako amekaa na mtoto mapajani tangu asubuhi, hataki mtu mwingine aguse.

Nimetundika ile ya kwanza. Usinune. Ulisema nichague, nami nimechagua. Mimi si shujaa, nina majivuno tangu utotoni, na nilipoiona nilijipenda tena kwa mara ya kwanza tangu Mei. Nilitaka nipate hilo. Ya pili iko kabatini kati ya nguo. Siku nyingine naitoa naitazama na kukucheka wewe na mwavuli wako. Siku nyingine naifungia kabati kwa nguvu. Niachie, tutazoeana.

Sherehe ya kuniaga ilikuwa Ijumaa iliyopita, palepale ukumbini. Hotuba nilikuwa nimempa mkuu wa chuo anisomee. Mimi nilijipangia kusimama kando ya picha yangu, kushoto kwangu kukiwa ukutani, kitambaa mkononi, nikitikisa kichwa mpaka iishe. Mkuu akaanza kusoma. Mwanangu, anasoma vibaya. Anatua pasipo na kituo. Pale nilipoandika kuhusu usiku wa kwanza niliofiwa na mgonjwa, alisoma kana kwamba anatangaza mabadiliko ya ratiba. Nikavumilia sentensi moja, ya pili ikanishinda. Nikaenda nikamnyang'anya karatasi.

Nikasoma mwenyewe. Maneno yalivuja, nikayafuta, nikaendelea. Wanafunzi wa mbele walinitazama mdomo, nikaona macho yao yanauliza. Nikawaambia, "Ni mshipa wa uso. Mwezi wa tatu wa masomo mtafundishwa. Tazameni vizuri, hamtapata mfano wa bure tena." Mmoja akaanza kulia, kisha akacheka, kisha wote wakacheka, na mimi nikacheka nao kwa ule upande unaoweza.

Baadaye wakaja na simu zao. Matroni nami, matroni na sisi. Wakanishika mabega, wakanigeuza huku, wakanigeuza kule, mbele ya picha yako na mbali na picha yako, wengine wamechuchumaa, wengine wamepanda viti. Nilikuwa nikiwaambia wasogee, wasikanyagane, yule mfupi aje mbele. Kitambaa sijui nilikiacha wapi. Nilikuwa nimefika nusu ya njia ya kurudi nyumbani, baba yako ananieleza habari za mtoto, ndipo nikakumbuka kwamba nina upande uliolala.

Mmoja wao amechapisha yake akaniletea jana. Imekaa mshazari, dirisha liko nyuma linawaka, nusu ya mtu imekatwa, na uso wangu wote upo hapo katikati yao, umepinda, mdomo wazi, naamuru watu wajipange. Nimeitia kwenye bahasha hii. Iweke mahali utakapoiona.

Usiitengeneze.

Shangazi yako.